Fohandi Niliyompigia Mama Mkwe

Naanza kwa kukiri, maana mtaisikia tu, na wengine najua video mnayo kwenye simu: yule mwenye shati jeupe la kanisani anayepiga mpira wa tenisi ukamtua mama wa watu shavuni, ni mimi. Sina la kujitetea. Aibu hii naibeba tangu mwezi wa sita na sijaona pa kuitua.

Chanzo ni baba yake Adella. Adella ni mwalimu mwenzangu hapa sekondari ya Kahororo, mimi nafundisha hesabu yeye biolojia, na tumependana mwaka wa tatu huu. Baba yake, Mzee Kaijage, ni mganga mstaafu wa hospitali, kwao ni jirani na Rubya kule Muleba, na mzee huyo ana ugonjwa mmoja tu, tenisi. Alifundishwa ujanani na mapadri, na alipostaafu akafyeka kona ya kibanja chake (aling'oa migomba iliyokuwa inazaa, jambo ambalo mkewe hajamsamehe mpaka leo), akashindilia udongo mwekundu, akafunga wavu wa kuvulia sangara katikati, uwanja ukawa tayari. Siku niliyokwenda kutambulishwa alinipa raketi kabla sijapewa kiti. Akanichezesha hadi nikatoka jasho, kisha akamgeukia baba yangu mdogo, ambaye ndiye mshenga wangu, akasema kana kwamba mimi sipo:

"Kijana ni mzuri, waitu, ndugu yangu, ila mkono wake wa kulia haujui unachotaka. Rudini mwezi wa sita tuzungumze."

Baba mdogo alicheka njia nzima. Mimi sikucheka, mimi ni mwalimu na nikiambiwa mtihani ni mwezi wa sita naanza kusoma siku hiyohiyo.

Bukoba mjini yuko mzee wa Kihindi, Mzee Karim, muuza misumari na bawaba, ndugu zake wote walishahama akabaki yeye na duka, na ndiye mtu pekee ninayemjua aliyewahi kucheza tenisi ya kweli. Nikamwangukia. Kila Jumamosi akishafunga duka tulikwenda nyuma kwenye ukuta wa stoo, mimi napiga kwa raketi aliyoniazima, yeye amekaa kwenye ndoo ya rangi ananikosoa. Kumbe ile fohandi, yaani pigo la mkono wa kulia, nilikuwa naipiga kama mtu anayefyeka majani, mkono peke yake unahangaika na mwili umesimama tu. Akanifundisha upya: shika raketi kama unampa mtu mkono, geuza bega mpira ukiwa bado mbali, raketi irudi nyuma mapema, ishuke chini ya mpira, ukutane nao mbele ya nyonga, umalizie juu ya bega la kushoto. Na kila mara alimalizia na neno lilelile.

"Macho, mwalimu. Ukiacha kuutazama mpira, unakwenda unakotaka wenyewe."

Miezi mitatu, jamani. Siku mpira ulipotoa ile sauti nzito ya katikati ya raketi nilitaka kulia kwa furaha, na sasa nikiikumbuka nalia kweli.

Ikafika siku ya kwenda kuchukua jibu la posa. Uamuzi wangu mdogo, ule ulioniua, ni kubeba raketi. Baba mdogo aliniuliza kama naenda kuposa au kucheza, nikamwambia ni ya akiba, nikaificha chini ya kiti cha gari, yeye akapakata kibuyu chetu cha rubisi, pombe ya ndizi. Tulipokelewa vizuri. Wazee wakazungumza, mambo yakanyooka, ikabaki zile punje za kahawa za kutafuna tu, kama ilivyo desturi yetu, ili jibu litoke, na hapo, tukiisubiri kahawa, mdomo wangu ukasema kwamba mkono wa kulia sasa unajua unachotaka. Mzee Kaijage alisimama kabla sijamaliza. Viti vikatolewa nje, wazee wakapangwa kando ya uwanja, mimi nikakimbilia raketi garini, binamu yake Adella akatoa simu arekodi.

Pigo la kwanza likapita juu ya wavu kama nilivyofundishwa. La pili hivyohivyo. La tatu mzee mwenyewe hakulifikia, akatikisa kichwa na kusema sawa, sasa twende ndani. Ningekwenda ndani leo ningekuwa na mke. Nikaomba mmoja wa mwisho.

Sasa mjue kwamba kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawakodoleani macho. Humpi mkono, na akipita unageuza uso mpaka apite, ndiyo heshima, mimi nimelelewa hivyo tangu nina akili. Mpira ulikuwa umeshanijia, bega limegeuka, raketi iko nyuma, ndipo nikaona kwa pembe ya jicho kitenge kinatokea jikoni na sinia la kahawa, na shingo yangu, bila kuniuliza, ikageukia migombani kwa heshima zote. Mkono haukugeuka. Mkono uliendelea na masomo ya Mzee Karim mpaka juu ya bega la kushoto.

Nilisikia mlio, kisha sinia. Nilipotazama, mama amekaa chini, kilemba kimemvuka, punje za kahawa zimetapakaa udongoni. Hapo mtu mwenye akili angesimama alipo. Mimi nilikimbia, nikamshika mikono yote miwili, nikamwinua, nikamfuta shavu kwa leso yangu huku namtazama usoni kabisa, hadi nilipoona baba mdogo amejifunika uso kwa kofia. Nikashtuka nikamwachia. Akakaa chini mara ya pili.

Aliinuka mwenyewe, akafunga kilemba chake, akasema kwa Kihaya, polepole, bila hasira:

"Mwanangu, ungenitazama usingenipiga."

Akaingia jikoni. Mzee Kaijage alikuwa anaokota kahawa punje moja moja. Akasema shavu litapona, ila mazungumzo ya leo tuyaache. Kibuyu chetu tulirudi nacho kimejaa.

Wanafunzi wangu wameiona ile video, nikigeukia ubao nasikia mtu anatoa mlio wa mpira kwa mdomo. Adella ananisalimia, tunaongea habari za chaki na zamu. Nilipomuuliza kuhusu nyumbani akasema mama hana kinyongo, ila gari likisimama njiani mbele ya nyumba anashika shavu. Senene wa mwezi wa kumi na moja wameanguka na wamekwisha, na baba mdogo hajapigiwa simu ya kutuita.

Raketi niliirudisha kwa Mzee Karim. Akaitazama video mara mbili, akasema bega zuri, kumalizia kuzuri, kisha akanirudishia simu, na wote wawili tulijua amebakiza neno gani.

Sitashika raketi tena maisha yangu. Na nikiitwa tena Rubya, mama akipita nitageuza uso kama nilivyolelewa, mikono ikiwa mitupu juu ya magoti. Nikiitwa.