Sumaku ya redio mbovu ilivyoniokoa na kesi ya hujuma, enzi za Ujamaa

Wakuu, kwema humu? Mnaonizidi umri shikamooni, ingawa mmebaki wachache.

Hiki nilikiona kwa macho haya haya. Siongezi chumvi.

Enzi za Ujamaa nilikuwa mwendesha mashine ya kusaga ya kijiji chetu, huku juu milimani Lushoto, kuelekea Mlola. Oil mpya ilikuwa haipatikani, tukawa tunatumia pipa la oil chafu lililoachwa na mzungu mmoja wa shamba. Lilikuwa limekaa miaka.

Siku moja injini ikalia vibaya, ikazima.

Mwenyekiti wa kijiji akanikazia macho mbele ya watu. "Umetia mchanga. Hii ni hujuma! Kesho unakwenda polisi Lushoto."

Hujuma enzi zile halikuwa neno la mchezo. Mke wangu alikuwa mjamzito.

Kina mama, ambao hawakutaka kurudi kwenye kutwanga, wakasema kwanza aitwe Mzee Shemboza, fundi mstaafu wa kiwanda cha mkonge. Akaja na sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu.

Akaomba sahani nyeupe, akamimina oil kidogo, akapitisha sumaku chini yake.

Jamani! Vichembe vyeusi vikaanza kutembea! Anakwenda kulia, vinafuata. Kushoto, vinafuata. Mama mmoja akapiga yowe. Mimi mwili wote ulisisimka, na hadi leo nikisimulia unasisimka. Nichekeni tu.

"Huu ni unga wa chuma," akasema. "Hivi vya njano vilivyogoma ni shaba. Mchanga hauna tabia hizi. Vilitoka kwenye injini za zamani, vikalala chini ya pipa. Nani alikoroga?"

Nilikoroga mimi. Ila niliagizwa, ili tusipoteze hata tone.

Nimtaje mwenyekiti mbele ya umati? Thubutu! Nikainamisha kichwa.

Mwenyekiti akavua kofia yake ya pama.

"Nilimwagiza mimi. Huyu hana kosa."

Nililia wakuu, mtu mzima mimi.

Mzee Shemboza akaiomba kofia ile ile. Pipa likatulia siku nne, sumaku ikining'inia ndani. Tukachota ya juu taratibu, tukaichuja kwenye kofia, sufu yake nzito ikiwa chujio. Shaba yote ikabaki humo, inang'aa. Injini ikasafishwa, ikatiwa oil ile, ikawaka.

Nilichojifunza: kabla hujamwita mtu mhujumu, pima kwanza.

Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi tangu siku ile. Aliyekiri kosa lake mbele ya watu wake ni yule mmoja tu.

Mafundi mliomo humu, shaba mnaitoaje siku hizi? Na wewe uliyewahi kusingiziwa kazini, nani alikusimamia? Karibuni tuongee.