Kwaya yetu ilivyotembelea kanisa lililomezwa na Ziwa Tanganyika, na Koko aliyekuja kumtafuta baba yake

Wakuu, salamu kutoka Sange, bonde la Ruzizi, Kongo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na hiki ninachoandika nilikiona kwa macho yangu haya mawili. Atakayesema ni chai, anywe polepole, bado ya moto.

Kiangazi kilichopita kwaya yetu ilipanga matembezi ya siku mbili kando ya ziwa. Watu kumi na wanne, minibasi moja, Sange hadi Uvira, halafu kusini kupitia Makobola mpaka Baraka. Wengi wetu ni wakulima wa mpunga. Ziwa huwa tunaliona kwa mbali tu, siku ukiwa na shida mjini.

Mkuu wa msafara nikachaguliwa mimi. Kosa kubwa hilo. Programu niliandika dakika kwa dakika, hadi muda wa kujisaidia.

Kwenye kundi alikuwemo Koko Nabintu. Koko kwetu ndiyo bibi. Anaimba sauti ya pili, umri wake mwenyewe haujui, na macho yote mawili yameingia ukungu. Watu walimtania: mtu haoni, anakwenda kutalii nini? Na mimi nilicheka, nisiwe mnafiki.

Tulipopita bandari ya Kalundu barabara ikabana, huku mlima, huku maji. Minibasi nzima ikanyamaza.

Wakuu, hii ni kwaya. Hainyamazi hata msibani.

Maji ya buluu hayana mwisho, ng'ambo milima ya Burundi imejipanga, na wewe umekaa na kiroba chako cha mihogo unajiona mdogo kabisa. Nilisahau kuangalia saa.

Kabla ya Baraka tulipangiwa nusu saa kwenye magofu ya misheni ya zamani. Kanisa la matofali mekundu, paa hakuna, mtini umeota mlangoni. Miaka hii ziwa limepanda, limeingia mpaka ndani. Pale watu walipokuwa wanapiga magoti sasa wanapita samaki wadogo. Nilivua kofia bila kuambiwa na mtu.

Hapo Koko akanishika mkono.

"Mwalimu, minye sikukuya kuona maji. Nilikuya kutafuta baba."

Akanieleza. Baba yake alikuwa mmoja wa vijana wa kwanza waliofyatua matofali ya kanisa lile, akafa yeye bado mtoto wa kubebwa. Picha hakuna. Kaburi halijulikani. Mama yake alimwachia jambo moja tu: kila mfyatuaji alitia alama yake kwenye tofali bichi ili kazi yake ijulikane, na baba alikuwa anakandamiza vidole vinne. Cha kati kifupi, kilikatwa na panga.

Macho yanakwisha, akasema, na akishaondoka yeye hakuna tena wa kumtafuta.

Basi tukatafuta. Tuliona misalaba, vidole gumba, mistari ya kijiti. Vidole vinne hakuna. Nusu saa ikaisha, dereva akaanza kupiga honi, nami nikamwambia, "Koko, twende. Matofali ni matofali tu."

Sentensi hiyo inaniwasha hadi leo.

Mlinzi wa pale, mzee mkimya, ndiye aliyetuokoa. "Matofali ya bale ba kwanza iko chini kabisa," akasema. "Mayi ilishafunika. Lakini musiingie, matope iko mingi, mutazama."

Tulikuwa tumekodolea macho kuta za juu muda wote, kwa maelekezo ya mwalimu msomi, yaani mimi.

Koko alikuwa ameshafunga kitenge juu ya magoti.

Watu wa ziwa wanaogopa tope, lakini mtu wa mpunga amezaliwa humo. Aliingia akiburuza nyayo bila kuziinua, vile tunavyotembea shambani ili tusididimie. Akainama, mkono mpaka begani, uso ameugeuzia juu. Hivyo ndivyo mama zetu wanavyopalilia kwenye maji machafu, vidole vinatofautisha mpunga na majani, macho hayana kazi. Wanawake wa kwaya wakamfuata, wakajipanga mstari kama siku ya kupanda. Nami nikaingia na viatu vyangu.

Tofali moja, jingine, jingine. Honi ikanyamaza, dereva naye alikuwa majini.

Koko akasimama.

"Iko hapa," akasema kwa sauti ndogo. "Njo yeye. Baba iko hapa."

Akavuta mkono wangu chini. Tofali la baridi, lina utelezi, na mashimo manne. La kati fupi. Nililia mbele ya kwaya nzima, na kati ya waimbaji wote wale hakuna aliyeweza kuimba.

Mlinzi akasema ana mtalimbo, anaweza kulibandua Koko aende nalo nyumbani.

"Hapana. Muache baba afanye kazi yake," Koko akasema.

Baraka tulifika tumechelewa vibaya, programu ikaenda na maji. Nilichojifunza ni kwamba nimefundisha historia miaka yote bila kuwahi kuigusa. Kama kwenu kuna ukuta wa zamani, muulizeni koko wenu nani aliujenga, kisha mtuandikie hapa chini alichosema.

Najua wengine mmeshaanza: picha iko wapi?

Ipo. Nilipiga, lakini simu haioni ndani ya maji. Inaonyesha maji ya tope na mwanamke mzee ameinama, mkono umepotea mpaka begani. Niliona haifai, nikataka kuifuta.

Koko akanikataza. Ameisafishisha Uvira, ameitundika sebuleni, na kila mgeni anaonyeshwa.

"Hapa minye na baba tunashikana mikono."