Waya wa Gari la Colby

Asubuhi ile Orest Wasylenko alitoka nje, koti juu ya nguo za kulalia, akauchomeka ukutani waya wa gari la Colby, kijana aliyeishi kwao. Baridi ilikuwa nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri, ile inayogandisha kope. Siku kama hiyo injini isiyopashwa moto kwa umeme haiwaki. Alifanya hivyo bila kufikiri, kama mtu anavyomfunika mwanawe blanketi.

Aliporudi jikoni aliitazama saa ya ukutani, kisha simu.

Orest alipakia ngano kwenye mabehewa miaka ishirini na minane. Alipostaafu, timu ya vijana ya hoki ya barafuni ya mji wetu ikamfanya mtafuta vipaji. Alizunguka viwanja vya jimbo letu la Saskatchewan na kikombe chake cha kahawa, na hakuangalia mabao. Aliangalia kijana akishakosea: anarudi mbio kulinda, au anamtafuta baba yake jukwaani? Kwa macho hayo ndiye aliyemleta Colby Arcand akiwa na miaka kumi na sita, na kwa kuwa wachezaji wetu hulala majumbani mwa watu, akampa chumba cha chini nyumbani kwake. Sasa Colby ana kumi na tisa, ni nahodha, na kufikia Mwaka Mpya alikuwa amefunga mabao thelathini na moja.

Jana yake meneja, Murray Teskey, alikuwa amepiga simu. Timu moja ya Manitoba, jimbo jirani, yenye njaa ya kombe mwaka huu huu, ilimtaka Colby. Badala yake ingetoa wachezaji wake wawili, watoto wa miaka kumi na sita. Dirisha la kubadilishana wachezaji lingefungwa leo saa nane mchana.

"Wewe umewaona hao watoto, mimi sijawaona," alisema Murray. "Ukisema wanafaa, namtoa. Ukisema hawafai, anabaki. Nipe neno kesho kabla ya saa sita mchana. Na usimwambie."

Orest alikuwa amewaona mara tano. Walifaa. Hilo ndilo lililomtisha. Mwakani umri ungemtoa Colby kwenye ligi ya vijana. Hao wawili wangebaki miaka minne. Angeweza kudanganya. Neno moja tu, na nani angejua? Tangu jana, kila simu ilipolia, alidhani ni Murray.

Colby alipanda kutoka chini, nywele zimesimama. Darlene, mke wa Orest, alikuwa akikaanga kwa vitunguu perogi za jana, zile kama sambusa za kuchemsha zenye viazi ndani.

"Mama D, umeniwekea ngapi?"

"Kumi. Na kikaango utaosha. Unahodha wako unaishia pale mlangoni."

"Na Mzee je, haoshi?"

"Muache. Tangu aamke yuko kama kaona maiti."

Colby alicheka, akasogea dirishani na sahani yake. Kicheko kikakatika. Waya wa rangi ya chungwa ulining'inia puani mwa gari lake.

"Mzee," alisema polepole, "leo hatuna mazoezi."

Orest alijimiminia kahawa.

"Sina pa kwenda. Mbona umelichomeka gari?"

Darlene akazima jiko. "Orest, umefanya nini?"

"Bado sijafanya."

"Wapi?" akauliza Colby, aliyejua vyema kuwa dirisha linafungwa leo.

"Manitoba. Mwendo wa masaa tisa."

"Wanatoa nani?"

"Watoto wawili."

"Wazuri?"

Orest aliweka kikombe mezani. Kijana huyu alijifunza kwake kusoma nyuso. Uongo angeuona kabla haujatoka.

"Mmoja anarudi mbio kulinda, kama wewe. Mwingine... ni mzuri kuliko ulivyokuwa wewe."

"Muongo."

"Laiti ningekuwa."

Simu ikalia. Ililia mara nne, hakuna aliyesogea. Colby akavuta kiti, akaketi, akatia perogi mdomoni.

"Pokea, Mzee."

Orest alipokea. "Wanafaa, Murray," alisema, kisha akabaki ameishika simu sikioni ingawa Murray alikuwa ameshakata.

Darlene alivuta koti lake. "Nakwenda kuuchomoa ule waya."

"Uache, Mama D," alisema Colby bila kuinua uso. "Ukiuchomoa gari halitawaka, na Manitoba ni mbali."