Kidonda Kilichomngoja Abdulnasiri

Swaumu binti Mgeni alionja achari kwa ncha ya ulimi. Alichovya kidole cha mwisho kwenye sufuria, akakigusisha ulimini, akafumba jicho moja. Jicho lile lilipofumbuka, hukumu ilikuwa imeshatoka: chumvi bado, ndimu zimekaa, pilipili zirudi juani siku nyingine. Wanunuzi wa soko la Majengo, Dodoma, walizoea kusimama mbele ya meza yake kungoja jicho lifumbuke, kama watu wanaongoja mwezi uandame.

Meza ya jirani ilikuwa ya Loisi, Mgogo wa Mlali aliyehamia Ipagala kwa binti yake na kuuza karanga kutoka kwao. Loisi hakuwa na meno mawili ya mbele ya chini. Yaliondolewa utotoni, kama ilivyokuwa desturi ya wakati wake, ili mtu akipatwa na ugonjwa wa kukaza taya, uji upate pa kupita. Wanawake hawa wawili walitaniana tangu meza zao zilipogusana. Babu yake Swaumu alikuja na msafara kutoka Bagamoyo, mguu ukamvimba, wenzake wakaendelea na safari ya Tabora, yeye akabaki Ugogo mpaka kaburini. Loisi hakumsamehe kwa hilo.

"Babu yako alipita kwetu akanywa maji yetu, hongo ya kupita hakumaliza," alikuwa akisema, huku akichukua kipande cha embe kwenye sinia la Swaumu. "Hii ni hongo ya Jumanne."

Mwaka ule Abdulnasiri, mtoto pekee wa Swaumu, alikuwa India. Aliondoka baada ya zile mvua kubwa za El Nino, barabara zikiwa bado na mashimo. Alikwishakuwa daktari bingwa wa masikio, pua na koo, na Swaumu alidhani ngazi imeishia hapo. Kumbe juu yake kulikuwa na nyingine: ubingwa bobezi wa kupasua saratani za kichwa na shingo, miaka miwili katika mji wa Chenai, ambao wazee wa msikitini waliendelea kuuita Madrasi. Hayati Shaibu, baba yake Abdulnasiri, alichomelea vyuma Kizota maisha yake yote na hakupata kuvuka bahari. Swaumu alimsindikiza mtoto mpaka stendi, akampa chupa mbili za achari zilizofungwa kwa kanga, akarudi nyumbani na kukuta kandambili za mwanawe mlangoni. Hakuziondoa. Alizifagilia pembeni kila asubuhi, kisha akazirudisha zilipokuwa.

Kila Ijumaa, watu wakitoka msikitini, alikwenda dukani kwa Harithi. Zamani kupiga simu ya nje kulimaanisha kupanga foleni posta tangu alfajiri. Tangu biashara zilipofunguliwa, Harithi alikuwa na simu yake, mashine ya kutoa kopi, kamera ya picha za pasipoti, na mbele ya kiti cha picha kioo kidogo cha kutengenezea ushungi. Swaumu aliketi kwenye kiti hicho akingoja simu ilie. Mara nyingine ililia mapema. Mara nyingine haikulia kabisa, na Harithi, mtu mpole mwenye sauti kubwa, alipangusa vumbi la mashine mara tatu ili asimtazame.

"Shikamoo mama," sauti ilikuja kama inatoka ndani ya mtungi.

"Marahaba, baba. Umekula?"

"Nimekula. Una tambuu mdomoni tena?"

"Kidogo tu."

"Ipo siku nitakata hiyo tambuu."

Alikuwa akimtania hivyo tangu mtoto. Swaumu hakuachana na kijaluba chake: jani, popoo, chokaa, tumbaku kidogo. Mama yake alikula, na bibi yake alikula. Abdulnasiri alipoanza udaktari utani ule ulipungua kicheko, lakini mama yake aliendelea kuupokea kama utani.

Kila alichosimuliwa, alikipeleka sokoni Jumamosi. "Wanatoa taya lililooza," alimwambia Loisi, "wanachukua mfupa wa mguuni, wanachonga taya jipya. Mishipa wanaishona kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Mwanangu anashona."

Loisi alitafakari, karanga mkononi. "Basi mtu huyo akitembea, anatafuna."

Walicheka mpaka mnunuzi akaenda zake.

Kidonda kilianza kabla ya Ramadhani, ubavuni mwa ulimi, upande wa kushoto, pale tambuu ilipozoea kulala. Mwanzo kilikuwa kama alama ya jino. Alisukutua kwa maji ya chumvi. Ramadhani ilipita, kidonda hakikupita. Chokaa ilianza kumuunguza, akaacha tambuu. Watu wa nyumba ya jirani walidhani ametubu. Kisha pilipili nazo zikamuunguza, na hapo ndipo alipoingiwa na hofu.

Hakuwa mjinga. Mtoto wake alikuwa akimsimulia kila Ijumaa habari za vinywa vya watu. Alijua vizuri kidonda kisichopona ni cha namna gani. Lakini kadiri alivyojua, ndivyo jambo lilivyopangika kichwani mwake kwa namna ambayo ilimpa raha badala ya woga. Mwanawe alikuwa anajifunza ugonjwa huu huu. Angerudi mwaka ujao. Angemlaza mama yake kitandani, na uso wa kwanza ambao mama angeuona juu yake, na wa mwisho kabla ya dawa ya usingizi, ungekuwa uso wa Abdulnasiri. Kwa nini aende kwa mkono wa mgeni, na mkono aliouzaa mwenyewe unanolewa? Na tena, akimwambia sasa, ataacha masomo. Afadhali kungoja. Usiku na mchana alikuwa akimngoja. Sasa walikuwa wawili wanaomngoja, yeye na kidonda.

"Onja," alimwambia Loisi asubuhi moja, akisogeza sufuria.

"Mimi?"

"Ndiyo, wewe. Nafunga sita."

"Miaka yote unasema mtu wa mlenda hajui achari. Leo ulimi wangu umesilimu?"

"Onja, Loisi."

Loisi alionja, akasema ni tamu. Ilikuwa na chumvi kupita kiasi, lakini yeye alipenda chumvi. Sita za Shawali zikaisha, na Swaumu akatafuta visingizio vingine. Wateja walianza kuguna. Chupa moja ya achari ile ilibebwa na mwanafunzi aliyekuwa anakwenda India, ikafika Chenai.

Idi Kubwa ilipopita, Ijumaa moja, simu ililia mapema.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

"Achari imefika. Mama, chumvi vipi?"

"Mkono uliteleza."

"Wewe?" Abdulnasiri alicheka kidogo. "Sikusikii vizuri. Itoe kwanza hiyo tambuu tuzungumze."

Swaumu aligeuza uso, akafanya sauti ya mtu anayetema. "Nimetoa."

"Bado. Maneno yako yamelala."

"Basi ni simu."

Harithi, aliyekuwa akikata picha za pasipoti, aliona amsaidie mama wa watu. Akainama karibu na mkono wa simu na kusema kwa sauti yake ile kubwa, "Unamwonea, daktari! Mama hana tambuu. Mimi sijamwona na tambuu tangu Ramadhani."

Swaumu alisikia mlio wa mbali wa nyaya, kama mvua inayonyesha kwa watu wengine.

"Mama," alisema Abdulnasiri, na sauti haikuwa tena ya mtoto. "Hapo kwa Harithi kuna kioo. Kiangalie. Toa ulimi."

"Watu wapo."

"Toa ulimi, mama. Unakwenda mbele, au unapinda?"

Alitazama kioo cha kutengenezea ushungi. Ulimi ulipinda kushoto, kama mtu anayegeuka kuitazama nyumba aliyotoka.

"Unapinda," alisema.

"Kidonda kina muda gani?"

Hakumwuliza kama kipo. Swaumu akaona hakuna tena pa kujificha. "Tangu kabla ya mfungo. Nakungoja wewe uje ukikate."

"Mimi?"

"Si ndiyo kazi uliyoendea?"

"Mama, daktari hampasui mama yake."

"Nani atakukataza?"

"Ni desturi yetu. Ugonjwa huu unataka ukate mpaka kwenye nyama nzima, usihurumie. Mtoto atahurumia. Atabakiza kidogo kwa huruma, na hicho kidogo ndicho kitakachoua. Hata ningekuwa nimesimama hapo sasa hivi, ningempa mwingine kisu."

Harithi alikuwa ameacha mkasi. Alitoka, akasimama nje ya mlango wake mwenyewe akiwarudisha wateja.

Swaumu aliushika mkono wa simu kwa mikono miwili. Kitanda kile na uso ule juu yake, vitu alivyovitazama kila siku akienda kulala, vilimtoka taratibu. "Basi nimengoja bure," alisema.

"Narudi," alisema Abdulnasiri. "Leo hii namwambia profesa. Nitakuwa karibu yako."

Karibu. Tangu siku ya stendi hakutamani kitu kingine. Angeweza kunyamaza tu, na mtoto angekuja. Kandambili zingetoka mlangoni zikavaliwa.

"Ukirudi sasa, hayo masomo utayamalizia?"

"Sijui. Nafasi watampa mwingine."

"Huku kwetu wenye vinywa kama changu wako wengi?"

"Wengi, mama. Wanakuja wakiwa wameshachelewa."

"Kama mimi."

"Wewe hujachelewa. Sijui. Nenda hospitali kesho asubuhi, yupo Daktari Erica, tulifanya kazi pamoja. Atakupeleka Dar kwa mwalimu wangu."

"Nitakwenda," alisema Swaumu. "Lakini sikiliza, Abdulnasiri. Ukipanda ndege wewe, mimi basi la Dar silipandi. Maliza."

"Mama."

"Hao wenye vinywa kama changu hawana wa kuwasikia kwenye simu. Maliza."

Aliweka mkono wa simu mahali pake yeye mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya; kila Ijumaa alikuwa akiushika mpaka ubaki mlio mtupu.

Daktari Erica alikuwa msichana mwembamba, Mgogo, mwenye haya. Alimwamkia, akavaa mipira ya mikono, akaushika ulimi kwa kitambaa na kuupapasa chini ya taa, kisha akapapasa shingo, taratibu, kama mtu anayetafuta mbegu ndani ya unga. Shingoni alikuta kitu kimoja. Alikata kinyama kidogo cha kupimwa.

"Mama, na wewe una mtoto kama yule, uliacha kwa nini?"

"Nilikuwa nangoja arudi."

Erica aliinamisha kichwa, akaandika. "Hata sisi tunamngoja," alisema.

Loisi alifunga meza yake akamsindikiza Dar, ingawa hakuwahi kufika mbali kuliko Morogoro. Alitapika njia nzima na kumlaumu babu wa msafara. Mwalimu wa Abdulnasiri alikuwa mzee mwenye mvi, mikono mikubwa. Uso wake ndio Swaumu aliouona wa mwisho kabla ya usingizi. Aliutafuta mwingine pembeni yake, na ingawa alijua haupo, aliutafuta.

Walitoa karibu theluthi ya ulimi na tezi za shingo upande wa kushoto, na baadaye akapigwa mionzi. Kwa siku nyingi alilishwa uji kwa mpira uliopita puani. Loisi aliketi kando ya kitanda, akautazama ule mpira, akautazama uso uliovimba.

"Unaona sasa," alisema, akigusa pengo lake la chini. "Sisi wazee wetu walituachia mlango. Ninyi watu wa pwani mkajiona wajanja."

Swaumu hakuweza kucheka. Alimpiga kofi dogo la mkono, na Loisi akauacha mkono wake hapo hapo ulipopigwa.

Swaumu alirudi Dodoma upepo wa kipupwe ukiwa umeanza. Sokoni alikaa kwenye meza yake, Loisi akiwa ndiye ulimi: anaonja, anafumba jicho moja kwa kuiga, na Swaumu akimtazama usoni anajua pa kuongeza na pa kupunguza. Lakini dukani kwa Harithi hakwenda. Ijumaa ya kwanza Loisi alikwenda badala yake, akarudi na salamu. Ya pili pia. Ya tatu Loisi alikaa chini akaanza kumenya karanga.

"Mimi siendi."

Swaumu alimwangalia.

"Anauliza mama hajambo, nasema hajambo. Anauliza anakula, nasema anakula. Kisha ananyamaza. Mimi sikuzaa naye, sijui la kufanya na ukimya wake."

Swaumu alijitanda kanga. Njiani alijaribu neno lile la marahaba chini kwa chini, akigeukia ukuta kila mtu alipopita. Lilitoka zito, limepoteza pembe zake. Hakutaka mtoto alisikie. Alitaka abaki na lile la zamani, la mama mwenye tambuu.

Harithi alimpa kiti. Simu ililia.

"Shikamoo, Mama Loisi," alisema Abdulnasiri.

Swaumu alishika simu. Alifungua kinywa, akafunga. Kule mbali, mtoto naye akanyamaza, kisha akasema tena, polepole, kama mtu anayebisha hodi nyumba asiyojua kama ina mtu.

"Shikamoo mama."

"Maahaba," alisema Swaumu.

Lilitoka limevunjika hivyo hivyo. Alingoja aseme jambo la kidaktari, kwamba litarudi, kwamba kuna mazoezi. Alisikia pumzi tu, na nyaya, na kitu kama kiti kinachovutwa ili mtu akae.

"Shikamoo mama," akarudia.

"Maahaba, baba."

"Shikamoo."

Harithi alichukua kitambaa, akatoka nje kupangusa dirisha ambalo halikuwa na vumbi.