Kamba Haisukumwi

Fundi wa kiwanda cha sabuni aliitwa Koleo, hata na mkewe. Alikuwa mrefu na mkavu, na akicheka mdomo ulifunguka upande mmoja tu, kama dirisha lililokwama. Kwa miaka kumi na tisa alitunza mashine moja, ile ya kufunga vipande vya sabuni kwenye karatasi. Mwisho wa mashine palikuwa na meza ndefu, na mezani wanawake sita waliopanga sabuni kwenye maboksi. Mmoja wao alikuwa shemeji yake, mke wa mdogo wake. Mdogo mtu hakuwa na kazi, kwa hiyo nyumba yake nzima ilikula kutoka meza ile.

Nimepita karakana za nchi nyingi, na kila lugha ina fundi anayeeleza vizuri kuliko kitabu. Nilipomuuliza Koleo mashine inajuaje kusimama, alinichorea kwa kidole kwenye unga wa sabuni.

“Hapa kuna sensa sita. Moja inaangalia karatasi isiishe, nyingine mlango usiachwe wazi, nyingine sabuni isikwame. Ndani ya kila moja mna transista, ina miguu mitatu. Mguu mmoja unaitwa kolekta, na huu wameuacha wazi. Haukufungwa popote ndani. Umetoka nje kama mtu aliyefukuzwa kwao, unatafuta pa kushika.”

“Unashika nini?”

“Waya. Zote sita zinashika waya mmoja. Transista ikiwaka, inauvuta waya chini hadi sifuri. Ikizima, inauachia. Basi. Kuuinua haiwezi.”

“Sasa nani anauinua?”

“Rezista. Imefungwa kati ya waya na chanya ya umeme, inaushikilia juu kwa mkono laini. Chukua kamba iliyoning'inizwa kwenye springi, watu sita wameishika. Yeyote akivuta, inashuka. Wote wakiachia, springi inairudisha. Lakini hakuna wa kuisukuma juu. Kamba haisukumwi, kaka.”

Ndiyo maana sensa zote ziliweza kukaa kwenye waya mmoja bila ugomvi. Kama kila moja ingekuwa na nguvu ya kusukuma juu na ya kuvuta chini, siku moja hii isukume na ile ivute, zingeunguzana. Hapa waya ukiwa juu, wote wameridhika na mashine inakwenda. Akivuta mmoja tu, mashine inasimama.

Rezista ya kwanza iliungua miaka kumi na moja kabla ya siku ninazozisimulia. Koleo aliweka nyingine, ila si mahali pake. Aliificha kwenye kisanduku cha nyaya chini ya mashine, akaivisha mpira mweusi ionekane kiungo cha kawaida. Kwenye mchoro aliifuta ya zamani, na mpya hakuiandika. Mwaka ule mafundi wawili walikuwa wameachishwa kazi.

“Siri ya mtungi aijuaye kata,” aliniambia. “Nikaamua niwe kata.”

Kisha akaenda kupasuliwa jicho. Akiwa hospitali, maji yaliingia kwenye kisanduku. Mafundi wa nje waliitwa, wakaweka kipya, wakafuata mchoro mstari kwa mstari, kazi safi kabisa. Kisanduku cha zamani wakakitupa pamoja na kiungo cheusi. Sasa waya ukawa unaelea: hakuna anayeuvuta, hakuna anayeushikilia. Waya wa namna hiyo huokota kelele za kila mota iliyo karibu. Mashine ikawa inasimama bila sababu, mara kumi kwa saa. Walibadilisha sensa zote sita, mambo yakawa yale yale. Siku ya tisa meneja aliiuza kama chuma chakavu. Lori lingekuja Alhamisi, kufunga sabuni kungepelekwa kiwanda kingine, na meza ingeondoka na watu wake.

Koleo alirudi Jumatano asubuhi, jicho moja limefunikwa.

“Umepona?” aliuliza mwanamke mmoja wa mezani.

“Nusu. Nakuona nusu.”

“Basi kaa upande huu, nusu nzuri iko huku.”

Walipomweleza habari ya lori, hakucheka. Alilala chini ya mashine, akafungua kisanduku kipya, akaunga rezista nyingine kwa risasi ya kuyeyusha. Dakika kumi. Mashine ikanguruma na sabuni zikaanza kuja, moja moja, bila kusita. Wanawake wakapiga vigelegele. Meneja akashuka ngazi mbio.

“Lori naweza kulirudisha kwa simu moja,” alisema. “Niambie tu ilikuwa nini. Na usiniambie waya ulilegea, hilo nimeambiwa siku tisa.”

Koleo alimwambia. Yote, hadi ule mpira mweusi.

Meneja alichungulia chini ya mashine. “Ziko nyingine za hivyo?”

“Nne.”

Baadaye Koleo alinieleza: “Nilidhani ukweli ukitoka wote unalipwa.”

“Mwezi ujao ukipasuliwa jicho la pili?” meneja aliuliza. Tarehe ilikuwa imeshapangwa.

“Nipe saa moja, bosi. Nachora zote nne.”

“Nami nitajuaje hakuna ya tano?”

Hakukuwa na ya tano, na jambo lisilokuwepo halina pa kuonyeshwa. Meneja alipanda ngazi bila kupiga simu. Mashine iliendelea kufunga sabuni hadi karatasi ikaisha, sensa ikauvuta waya, ikasimama kama inavyotakiwa.

Shemeji yake alikuwa anavua aproni.

“Mficha uchi hazai, shemeji.”

“Nilifanya kwa ajili ya nyumba.”

“Nyumba ipi? Yako au yetu?” Hakuwa amepandisha sauti. Alikunja aproni mara nne, akaiweka juu ya boksi ambalo halijajaa, akatoka na wenzake.

Alhamisi lori lilikuja na wapakizi wanne. Walihangaika na mguu wa kwanza wa mashine karibu nusu saa, wakivunja spana, hadi meneja akaagiza fundi aitwe. Koleo aliinama akawaonyesha nati alizoziweka mwenyewe, zinazofunguka kinyume: hiyo ilikuwa moja ya zile siri nne. Kisha akawaonyesha na zile tatu nyingine.