Marashi Kwenye Paji la Uso

Mume wangu alikuwa mkatekumeni, yaani alikuwa bado anafundishwa imani, na angebatizwa kwenye mkesha wa Pasaka. Alifariki Kwaresima ikiwa katikati.

Alikuwa bawabu wa fleti moja Ganjoni, hapa kisiwani. Jina la ubatizo alishalichagua: la yule mtakatifu askari aliyelikata joho lake kwa upanga akampa maskini nusu. Nilimtania, "Na wewe koti lako utamgawia nani?" Akasema, "Koti si langu, ni la kampuni. Huyo maskini atanifutisha kazi."

Alipozidiwa, hospitali walituambia hawana la kufanya tena, tukamrudisha nyumbani Makadara. Adhuhuri moja pumzi zikaanza kumkatika. Nikakumbuka alivyotufundisha katekista: mtu akiwa kufani, yeyote aweza kumbatiza, hata asiyekuwa padre, bora ammiminie maji na kutamka yale maneno. Nikakimbilia mitungi. Mikavu. Mifereji ilikuwa haitoi kitu, na muuza maji wa mkokoteni hajapita. Jirani yangu, bibi wa Kiislamu aliyeshinda hapo akimpepea, alikuwa na chupa ya marashi ya mawaridi, akimpoza nayo uso.

"Bibi, nipe hayo marashi."

"Wataka kuyafanyani?"

"Nimbatize."

Alinitazama. "Hilo lenu silijui, mwanangu. Lakini shika, usichelewe."

Nilimmiminia kwenye paji la uso mara tatu, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu, nikamwita kwa jina alilolichagua. Alifumbua macho akanitazama. Kabla ya alasiri alikuwa ameshakwenda.

Katekista alipokuja kupanga mazishi, nilimwambia mume wangu amekufa amebatizwa. Alifurahi, mpaka alipouliza juu ya maji. Nikamweleza. Akavua miwani akaipangusa kwa muda mrefu.

"Mama, ya mvua yangefaa. Ya mto, ya bahari, hata ya kisima cha chumvi. Marashi hapana. Kanisa lilishalikata neno hilo karne nyingi zilizopita."

Bahari imekizunguka kisiwa hiki pande zote, na mimi sikuona ila kile kichupa.

Padre alikuwa mpole. Alisema mume wangu aliutamani ubatizo kwa moyo wake, na Mungu humpokea mwenye tamaa hiyo kama aliyebatizwa. Atazikwa Kikristo, bila shaka yoyote. Nikauliza, "Na msalabani, padre, tuandike jina lipi?"

Akasema, "Andikeni alilopewa na mamake. Hilo jingine hakuwahi kulipokea."

Tukaandika hivyo. Wenzangu wa jumuiya waliniambia nishukuru, wapo wanaozikwa bila hata wimbo. Nashukuru. Lakini nilimwita, naye akafumbua macho, na hilo sijapata wa kunielezea.

Kila Novemba, tunapowaombea marehemu walioko toharani wakitakaswa, mimi humtaja kwa sauti kwa jina la mamake, kama lilivyo msalabani. Lile la pili hulitaja moyoni. Hapo ndipo ninaposita, kwa kuhofia kwamba namwombea mtu ambaye hakuwahi kuwapo.