Mnavu na Ndugu Zake

Mama alinifundisha ukoo wa mnavu kabla sijajua kusoma. Nyanya, ngogwe, biringanya, viazi mviringo, hata ndulele yenye miiba, wote ni ndugu, alisema, tazama maua yao. Na kama ilivyo katika kila ukoo, yupo wa kukaribishwa jikoni na yupo wa kupitiwa mbali. Wa kupitiwa mbali ni gugu lenye ua jeupe refu na tunda la miiba. Likiwa changa, halijatoa ua, hujificha katikati ya mnavu, na mkono wenye haraka hulichuma. Sumu yake humtia mtu wazimu, na ikizidi humuua. Kinga ni kufikicha jani na kunusa: mnavu hunukia majani tu, lile linanuka vibaya.

Mama alipobaki peke yake kijijini Mgwashi, sisi watoto wake tulianza kumsumbua ahamie kwangu, Lushoto mjini. Mimi ndiye niliyekuwa mkali zaidi. Siku moja nilipompandishia sauti alinijibu kwa upole kwamba siku atakayoshindwa kuujua mnavu, ndiyo siku ya kuja kumchukua. Nilicheka kwa hasira, maana nilijua hatashindwa.

Jumapili moja ya masika nilimkuta ametoka kuchuma. Baada ya shikamoo na habari za kanisani nikavuta ungo nimsaidie kuchambua. Jani la tatu lilikuwa pana mno, kingo zake zimechongoka. Nikalifikicha, nikalinusa: lilinuka vibaya. Nikampa, nikamwuliza kwa sauti ya kawaida kama majani hayo yametoka shambani kwake. Akalinusa, akalinusa tena kwa muda mrefu.

"Mnavu huu, mwanangu. Una nini?"

Nilitamani kusema hauna kitu. Miaka yote niliitafuta siku hii, na ilipokuja niliichukia, nikajichukia na mimi mwenyewe. Lakini maji yalikuwa yameshachemka jikoni.

"Mama, huu si mnavu."

Hakubisha. Angebisha ningeshukuru, tungegombana kama kawaida yetu na mambo yangeisha. Aliuliza ni majani mangapi. Nikasema ni hilo moja tu, na huku macho yangu yanaona karibu nusu ya ungo. Akanitazama, kisha akauchukua ungo akaenda kuumwaga wote kwenye shimo la takataka, mazuri na mabaya. Tulikula ugali kwa maharage ya jana.

Aliponawa mikono akaniuliza kama kwangu kuna mahali pa kupanda mboga, hata tuta moja.

"Papo, mama," nikamwambia.

Kwangu ua wote ni saruji.